Uliza Fundi wa Nyuzi: Michubuko ya gitaa na tiba zinazoua

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, gitaa limechubuka. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha maana mtu ameandika kurasa tatu, mbili zote ni historia ya jinsi alivyolinunua.

"Shikamoo fundi. Napiga gitaa kavu kwenye kwaya ya vijana hapa Mwanza. Nilijinyima karibu mwaka mzima nikanunua Yamaha F310 mpya kabisa. Haijafika miezi minne, chini ya tundu kuna mistari mistari na mgongoni pamekwaruzika kama pamepita paka. Mwenzangu mmoja ananiambia nibandike nailoni ya kukavia madaftari, mwingine anasema nimpelekee jamaa anayepiga rangi magari anipulizie klia upya, ile vanishi isiyo na rangi. Nifuate lipi?" – Kijana wa kwaya, Mwanza

Marahaba mdogo wangu, na pole. Mchubuko wa kwanza unauma, usione aibu. Mi langu la kwanza nililigonga kwenye komeo la mlango wa chumba changu mwenyewe siku ya pili tu tangu nilitoe dukani, jioni hiyo hata ugali haukupita.

Sasa kabla ya yote fanya hivi. Tafuta flana ya pamba iliyofuliwa mpaka imelegea, ihemee ile mistari ya chini ya tundu kama unavyohemea kioo cha miwani, afu futa polepole bila kukandamiza. Unaweza ukashangaa nusu yake imeondoka, manake mingi sio mikwaruzo, ni unga wa piki, kile kiplastiki unachopigia nyuzi, kinajiandika juu ya vanishi kama soli ya raba inavyoacha mstari kwenye sakafu ya niru. Inayobaki ipitishie ukucha kwa kuikatiza. Ukucha ukiteleza ujue ni juu juu tu. Ukinasa hapo vanishi imeliwa kweli, na kama unaona ubao umebadilika rangi ndani ya mstari basi umeshafika kwenye mbao na jasho lako litaanza kuingia humo.

Ya mgongoni sihitaji hata kutumiwa picha, ni chuma cha mkanda wa suruali. Kila mpiga gitaa anayesimama anakuwa nayo, unasimama, unaimba, mwili unayumba kidogo kufuata pambio, na kile chuma kinasaga vanishi palepale Jumapili hadi Jumapili. Vua mkanda au usogeze chuma kije ubavuni, au chomoa shati nje lifunike. Joho la kwaya lenyewe ni kinga nzuri kama zipu iko mgongoni, kama iko mbele basi ni adui mwingine tena mrefu kuliko chuma cha mkanda. Angalia na vifungo vya jinzi, vile vidude vya shaba vya pembeni ya mifuko, saa, bangili, na mkufu wenye msalaba unaoning'inia ukiinama kuangalia vidole. Ukikaa, tandika kanga au kitenge mapajani. Nimewahi kuona mtu anavua pete zote, anavua saa, anaweka kila kitu kwenye kiti kwa heshima, halafu anakaa na rundo la funguo kiunoni. We acha tu.

Tuje kwenye nailoni. Ile ya madaftari yenye gundi mi siipendi hata kidogo. Joto la huko kwenu likishaipata gundi inalainika, inatambaa kwenye kingo, vumbi linaganda, baada ya mwaka una fremu nyeusi inayonata kuzunguka tundu na ukiibandua gundi inabaki kwenye gitaa. Kuna kingine, uso wa magitaa mengi ni mbao ya sprusi, ndugu yake msonobari, na mbao hiyo ikipigwa na mwanga inazidi kuwa ya njano kadiri miaka inavyoenda. Ukifunika sehemu moja kwa stika, siku ukiitoa utakuta pale chini peupe, umbo la stika limejichora na halifutiki kwa kitambaa chochote.

Kama unataka kufunika tafuta ile filamu nyembamba isiyo na gundi inayojishikilia yenyewe kwenye kitu laini kinachong'aa. Gitaa lako lina kile kiplastiki cha pembeni ya tundu, pikigadi, shida ni kwamba wapiga rithimu wa kwaya mna mkono mpana, piki inashuka mpaka nje ya pikigadi na huko ndiko mistari ilipo. Basi chora kwanza kwenye karatasi, ikate, ilaze pale ujue ukubwa, ndio ukate filamu, na kona zote zikate za mviringo maana kona kali ndiyo inayoanza kunyanyuka. Safisha uso, ondoa kila chembe ya mchanga, chembe moja ikibaki chini umejitengenezea msasa. Nyunyiza maji yenye tone moja tu la sabuni ya vyombo kwenye filamu, sio kwenye gitaa, ilaze, isukume mpaka ikae unapotaka, afu toa maji na mapovu kwa kadi ya benki iliyozungushiwa kitambaa ukianzia katikati kwenda nje. Kausha kingo. Kila baada ya muda ibandue uangalie hali ya chini. Wahispania wa flamenco wana kitu cha jamii hiyohiyo, wanakiita golpeador, kiplastiki kinachopita mwanga kimegandishwa usoni, kwa sababu muziki wao unataka mtu agonge ubao kwa kucha kabisa kama anapiga hodi.

Mpiga rangi wa magari: hapana. Sio kwamba hajui kazi, anaijua, ila kazi yake ni bati. Uso wa gitaa una unene wa kama milimita 3 hivi na huo ndio unaotetemeka kutoa sauti, ukiupaka klia ya kustahimili mawe ya barabarani umeuvalisha koti la mvua. Na kabla ya kupuliza lazima apige msasa, F310 uso wake ni mbao za kugandishwa tabaka kwa tabaka, tabaka la juu ni jembamba kweli, akizidisha dakika chache anatokezea tabaka la pili.

Halafu wakati wa kubadili nyuzi, hapa ndipo vijana wengi wanajichubua wenyewe. Usichokonoe vile vipini vya kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa usoni mwa gitaa, kwa koleo huku koleo limelalia ubao, weka kadi ngumu chini yake. Na mkia wa uzi uliokatwa ni sindano, tandaza taulo kwanza.

"Fundi habari. Tulikuwa ufukweni Bagamoyo, jioni mbu wengi, nikapaka dawa ya mbu mikononi nikaendelea kupiga. Asubuhi nikakuta pale mkono wa kulia unapolalia gitaa pamekuwa pananata na pana chapa ya vinyweleo vya mkono wangu! Ni uchawi au?" – Msomaji wa Dar

Nzuri tu. Sio uchawi dada, ni dawa yenyewe. Soma nyuma ya chupa, kama kuna herufi DEET basi mkosaji umempata. Mbu inawafukuza vizuri sana, lakini inayeyusha plastiki na vanishi nyingi, watu wameharibu nayo miwani ya jua, mikanda ya saa, hata rangi ya kucha. Ukilaza mkono uliopakwa juu ya gitaa kwa saa mbili, na jasho la pwani juu yake, vanishi inalainika kama peremende iliyosahauliwa mfukoni na inachukua chapa ya chochote kinachoigusa.

Kosa ambalo naomba bado hujalifanya ni kusugua. Ikiwa laini usiiguse, usiweke kwenye begi, kitambaa cha ndani kitaganda hapo na utabandua begi pamoja na vanishi. Liache wazi kivulini siku kadhaa liwe gumu tena. Alama itabaki. Ikikauka vizuri fundi anaweza kuisawazisha kwa msasa laini wa maji na kuing'arisha, au ukaishi nayo, una gitaa lenye alama ya kidole kama kitambulisho cha taifa.

Safari nyingine paka miguuni, vaa mikono mirefu, na nawa viganja kwa sabuni kabla hujashika gitaa. Dawa zenye ikaridini badala ya DEET hazina hii tabia ya kula plastiki. Na tukiwa hapohapo, sanitaiza. Ni spiriti ile, na kuna magitaa, hasa ya klasiki yaliyotengenezwa kwa mkono, yaliyopakwa vanishi ya sheleki, ambayo spiriti ndiyo inayoiyeyusha kabisa, fundi mwenyewe aliichanganya na spiriti ndio akaipaka. Mikono ikauke kwanza. Pombe kali ikimwagika juu yake ifyonze na kitambaa kwa kugusagusa, usifute.

"Salamu. Mimi ni mzazi Nairobi, kijana wangu yuko Form Three. Gitaa yake ilikuwa na vumbi nikaona nimsaidie, nikaipanguza na ile spray ya fanicha. Sasa imekuwa na madoa yanayong'aa na kwingine haing'ai, na kijana haniongeleshi. Nimeiharibu?" – Mama wa mpiga gitaa

Hujaiharibu Mama, na huyo kijana mwambie fundi amesema aje akuombe msamaha.

Kilichotokea ni hivi. Kuna gitaa zinazong'aa kama kioo na kuna zile zilizoachwa makusudi bila kung'aa, ukizishika ni kama ganda la yai. Ya kijana wako nadhani ni hii ya pili. Kule kutong'aa sio uchafu, ndivyo ilivyotoka kiwandani, juu ya vanishi kuna vinundu vidogo sana vinavyotawanya mwanga. Ukipaka polishi mianya inajaa na ukisugua kwa bidii vinundu vinalala, vikishalala panang'ara na hapo hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo kwanza tujue ni lipi kati ya hayo mawili. Chukua kitambaa laini chenye unyevu kidogo, tone moja la sabuni ya vyombo, kikamue mpaka kiwe karibu kikavu, panguza mahali pamoja, kisha kausha. Madoa yakipungua ilikuwa polishi tu, endelea hivyohivyo pole pole. Yasipopungua basi ni msuguo, na hata hivyo sauti haijaguswa, na baada ya mwaka mkono wake mwenyewe ungepang'arisha hapohapo, gitaa zote za aina hiyo hupata king'aro pale mkono unapolala. Wapiga klasiki wengine huvaa kitu kama soksi iliyokatwa kisigino kwenye mkono wa kulia kwa ajili hiyo.

Ila hiyo spray usiirudie. Nyingi zina silikoni, na silikoni ikiingia kwenye ufa au mchubuko haitoki. Siku fundi akitaka kuweka vanishi mpya inajikusanya mbali na hapo inaacha vishimo kama macho ya samaki, fundi anarudia mara tatu hajui kwa nini, anaishia kumlaumu aliyemuuzia vanishi. Dawa ya dashibodi ya gari ni hivyohivyo.

"Fundi, mafuta ya nazi je? Babu yangu Tanga alikuwa anapaka kwenye kila kitu cha mbao." – Msomaji

Babu alikuwa anapaka mbao tupu. Gitaa limeshapakwa vanishi, mafuta hayaingii popote, yanakaa juu yanakusanya vumbi, na vumbi ukilifuta ndilo linalokwaruza. Halafu yanachacha. Nazi peleka kwenye wali.

"Kaka fundi, nakusoma nikiwa Minneapolis. Nimepata Gibson ya zamani ya miaka ya sabini kwa mzee mmoja jirani. Nikaiweka kwenye stendi ile yenye povu jeusi. Wiki mbili baadaye nikakuta alama mbili, mahali stendi inaposhika, vanishi imekunjamana. Stendi hiyohiyo nimeiwekea gitaa langu la kichina miaka minne halina hata doa. Kwa nini?" – Mbeba boksi, Minnesota

Kaka, swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, maana humo ndimo ilimo siri ambayo wauzaji hawaisemi. Vanishi sio kitu kimoja. Gitaa lako la kichina, na Yamaha ya yule kijana wa Mwanza, na mengi ya bei ya kawaida, yamepakwa jamii ya plastiki ngumu, poliurethani au poliesta, ikishakauka imekauka, haina urafiki na mtu. Gibson yako imepakwa laka ya nitroselulosi, jamaa wa karibu wa zile filamu za sinema za zamani zilizokuwa zinashika moto ovyo. Laka hiyo ni nyembamba, wapenzi wake wanaapa kwamba gitaa linapumua zaidi, mi nasema labda, lakini haikauki kabisa kama poli, miaka yote inabaki na uhai fulani. Raba, povu na vinili vina vilainishi ndani yake ambavyo vinahama polepole kwenda kwenye kile kinachogusana navyo. Vikikutana na nitro vinailainisha, na uzito wa gitaa unamalizia.

Kwa hiyo kila ushauri unaosikia wa kulinda gitaa uliza kwanza ni vanishi gani. Ile filamu niliyomwambia kijana wa kwaya wewe usiiguse, ikikaa miezi kwenye nitro utalia. Stendi ifunge kitambaa cha pamba, soksi nene ya pamba inatosha, na hata hivyo pitia uangalie. Mkanda wa begani kama ni wa vinili uvue kila ukimaliza, usiukunje ukaulaza juu ya gitaa ndani ya kesi, nimeona gitaa lenye chapa ya mkanda mzima mgongoni kama mtoto aliyechapwa. Hata mkanda wa ngozi uutumie kwa tahadhari, ngozi zingine zimetiwa dawa.

Na kwa kuwa uko kwenye baridi hiyo, kuna jambo jingine ambalo sisi wa huku hatulijui mpaka tuhamie. Ukitoka na gitaa nje kwenye theluji ukaingia nalo ndani kwenye hita, usifungue kesi hapohapo kwa hamu. Laka na mbao havitanuki kwa mwendo mmoja, hewa ya moto ikiipiga laka iliyoganda inapasuka nyufa nyembamba nyingi kama udongo wa bwawa lililokauka, unaweza hata kusikia inavyolia tiki, tiki. Weka kesi chini, ikiwa imefungwa, kapike, kula, ongea na watu wa nyumbani kwenye simu, ukirudi baada ya saa kadhaa ndio ufungue. Na ndani hita inakausha hewa, magitaa ya mbao yanataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, nunua kipimo kidogo ukitupie ndani ya kesi.

Hizo alama mbili usizitie mkono. Za nitro zinatengenezeka vizuri kuliko za poli kwa sababu laka mpya inayeyusha ya zamani kidogo wanashikana, lakini ni kazi ya mtu aliyeizoea, na gitaa la umri huo likipakwa upya lote thamani inashuka, kwa hiyo akikwambia tukwangue tuanze upya chukua gitaa lako uondoke.

"Fundi mnatutisha na vanishi, mbona Willie Nelson gitaa lake lina tundu la pili na bado anajaza viwanja?" – Mbishi, Arusha

Mbishi wangu hujambo. Ni kweli, gitaa la Willie, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, linaitwa Trigger, jina la farasi wa Roy Rogers, mwigizaji wa filamu za kaboi. Ni Martin N-20 aliyoinunua 1969, gitaa la nyuzi za nailoni, na magitaa ya aina hiyo hayana pikigadi kwa sababu yametengenezwa yapigwe kwa vidole. Yeye akalipiga kwa piki, usiku baada ya usiku, miaka na miaka, vanishi ikaisha, mbao ikafuata, ukatokea uwazi chini ya tundu lenyewe. Wenzetu kina Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, walipiga kwa kidole gumba na cha shahada, bila piki.

Ila Trigger lina fundi wake anayelikagua na kulipaka na kuliimarisha ndani ili lisisambaratike. Wewe la kwako nimeliona lile la kanisani, ule uwazi haukutokana na kupiga, uliliangukia ukitoka kwenye bodaboda, na bili ya kulifunga ubavu bado iko kwangu.